Mtunza Maktaba Ametoweka, na Tiril Hataki Kulala

Trondheim, 23 Aprili

Ndugu Msimamizi wa Jukwaa la Watumiaji wa Tonekvern,

YAH: MTUNZAJI ALIYETUTELEKEZA

Mimi ni Ingunn, mama wa Tiril wa miezi minane. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili una mtoto.

Wakati wa Pasaka kaka yangu Audun alitutembelea, akamtengenezea Tiril mvumo kwa programu yenu ya sauti. Mtoto akilia, unapanda, akitulia, unashuka. Tukaweka kigari chake roshanini kwenye baridi, kama ilivyo desturi ya watoto wa huku, akalala saa mbili nzima. Nilikunywa kahawa ingali moto. Kisha Audun akarudi Tromsø, akaniachia faili. Kurekodi tulijaribu, lakini rekodi haimjibu, na Tiril hapendi kupuuzwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta yangu ya Windows inafungua faili, inanyamaza, kisha inaandika kwa rangi nyekundu kwamba maktaba iitwayo Sus, yaani kile kipande cha programu kinachotoa mvumo, haipo. Nikaipakua. Sasa inasema ipo, ila ni ya kompyuta za zamani. Jukwaani nikaulizwa kama nimesoma maelekezo. Nimeyasoma, tena kwa sauti, kwa Tiril. Hata hayo hayakumlaza.

2. Nikahamia kwenye Mac ya mama mkwe, Bi. Torbjørg. Yenyewe ilisema mtengenezaji hajulikani, ikashauri Sus itupwe kwenye pipa la taka. "Mwanangu," akasema mama mkwe, "hii mashine ina akili kuliko sisi wawili."

3. Audun anatumia Linux. "Dada, kwangu inaimba vizuri tu," ndilo jibu lake. Baada ya dakika arobaini za simu akakumbuka kwamba mwaka juzi aliijenga Sus mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake ili ikubali kwenye mashine yake, akasahau. Basi mvumo uko Tromsø, kilio kiko Trondheim.

4. Mtunzaji wa Sus, anayejiita Rype, hajaigusa tangu Septemba. Nimemwandikia mara nne, kimya. Nikiuliza naambiwa ni kazi ya kujitolea. Ndugu, hata msaragambo wa kufagia ua wa jengo letu ni wa kujitolea, na asiyetokea jina lake hubandikwa ngazini, na maandazi ya wote huoka yeye.

Utaniuliza kwa nini nisimwombe mume wangu Håvard, anayezijua kompyuta. Nilimpiga marufuku kuzigusa nyumbani baada ya Tiril kuzaliwa. Siwezi kumwomba kwa mdomo uleule.

5. Kwa hiyo nadai Rype atajwe kwa jina lake halisi, libandikwe, na aoke. Tena mtu haachi kazi yake hivi hivi. Kama kuna aliyemzuia, huyo ndiye mkosaji mkuu: akae na Tiril wiki nzima, kutwa, bila kupokewa.

Wasalimie wanajukwaa wote, hata yule wa maelekezo.

Wako katika kusubiri,
Ingunn

Nyongeza: Håvard amerudi kutoka kazini, akaisoma barua hii kabla sijaituma. Akakaa bila kuvua koti. "Ingunn," akasema, "Rype ni mimi. Si uliniambia nichague, Sus au nepi?"

Nilimwambia. Tiril alikuwa na wiki tatu, na nepi amezibadilisha tangu siku hiyo bila neno. Nikamfungulia kompyuta mwenyewe. Barua zangu nne zilikuwa humo, hazijafunguliwa. Kazi imemchukua nusu saa, na sasa roshani imetulia.

Naomba ufute vipengele vyote ila cha tano. Jina langu nimeshalibandika ngazini. Majirani hawajui kosa lakini wanasubiri maandazi, nami nimeweka iliki. Wiki yangu na Tiril inaanza kesho. Sus mpya inafanya kazi kwenye kompyuta za aina zote tatu. Mwenye malalamiko asimsumbue Rype, aniandikie mimi. Nitajibu nikipata mkono.