Cheti cha Kifo cha Injini

Daktari alikwenda kwa mama mshonaji kupunguziwa kiuno cha suruali, akarudi nyumbani na injini moyoni.

Aliiona uani, nyuma ya tangi la maji, imekalia tairi kuukuu na kufunikwa turubai lililojifunua upande mmoja kama kanga ya mtu aliyelala. Alikuwa amesimama na suruali ya kuazima, anasubiri yake. Akajifanya ananyoosha miguu, akasogea. Chini yake hapakuwa na tone la oili. Boliti zote zilikuwapo. Hakuna aliyewahi kuichokonoa kwa nyundo. Zaidi ya yote, ilikuwa ya aina ileile ya gari lake, gari ambalo kwa nusu mwaka lilikuwa limesimama juu ya matofali mbele ya nyumba yake, halina kitu kifuani. Mama mkwe wake alipokuja mara ya mwisho alilizunguka mara mbili, kisha akauliza kwa upole kama hilo ndilo banda jipya la kuku, na kwa nini wameliwekea vioo.

Huyu Daktari, tuelewane mapema, hakusomea kutibu watu wala ng'ombe. Alikuwa mkaguzi wa injini za mtumba. Nguzo zote za umeme za mtaa ule zilikuwa na karatasi yake: USIUZE, USINUNUE, KABLA DAKTARI HAJAPIMA. Ufundi aliujua kiasi, ila aliuacha mapema kwa sababu unachafua nguo. Badala yake alinunua koti jeupe, kile kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, na muhuri wa mviringo uliochongwa na mtu asiyeuliza maswali.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mwenye injini anamwita apime. Daktari anapima, anatikisa kichwa, anaitangaza injini kuwa imekufa, anaandika cheti na kupiga muhuri. Siku mbili baadaye anapita shemeji yake, kaka wa mkewe, akijinadi kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anaichukua maiti kwa bei ya maiti. Wiki inayofuata injini ileile, imeoshwa na kupakwa rangi ya fedha, inauzwa kwa mtu mwingine ikiwa na cheti kipya cha Daktari huyohuyo kinachosema kwamba ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Kifo na ufufuo, vyote kwa wino mmoja.

Mama mshonaji alimkuta hapo nyuma ya tangi. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, na sehemu kubwa ya riziki yake ilitoka kwenye kushona makava ya viti vya magari. Alizitoa pini moja moja kabla ya kusema.

"Hivi wewe si ndiye yule wa kwenye nguzo?"

Daktari alikiri kwa unyenyekevu kuwa ndiye.

Mama akamweleza kwamba injini aliiacha marehemu mumewe. Watu walikuwa wanapita, wengine wanasema ni nzima, wengine wanasema haifai, naye ni mtu wa sindano na uzi, angejuaje. Hofu yake ilikuwa moja tu: asije akamuuzia mtu kitu kibovu, akaacha jina baya la mume wake mtaani. Daktari alimsikiliza huku mkono ukiwa kifuani. Akamwambia asihangaike tena, ameshafika kwa mwenyewe, na kwamba kwa heshima ya marehemu atampimia kwa nusu ya ada.

Kesho yake asubuhi alifika na koti lake jeupe. Mama alikuwa ameshamwekea kigoda, maji ya kunawa na kitambaa safi. Daktari akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa ya dhahabu, safi kama asali ya dukani. Akatia spana kwenye puli ya mbele, akaizungusha. Ilizunguka laini, bila kukwama, bila hata kusitasita. Fundi mwenye haja na ukweli angejiuliza kwa nini inazunguka kirahisi namna ile, maana injini yenye pumzi hukubishia mkono. Lakini Daktari alikuwa na miaka mitatu hajakagua injini. Alikuwa anakagua nyuso za wenye injini. Na uso wa mama mshonaji siku ile ulikuwa wa mtu anayengoja habari kutoka chumba cha upasuaji.

Akasikiliza kwa kipimo chake, juu, ubavuni, chini. Akafumba macho. Akavua kipimo taratibu.

"Mama, kaa chini kwanza."

Mama akakaa.

Basi Daktari akamshushia magonjwa, manne kwa mpigo, kwa sauti ya mtu anayeumia. Kwanza, silinda hedi imepinda kwa joto. Pili, bloku ina ufa kwa ndani, maji yanaingia kwenye oili. Tatu, ringi za pistoni zimekwisha. Nne, na hili alilisema akitazama pembeni, krenki imeliwa, ikiwashwa itagonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Hayo yote aliyatoa kichwani palepale, kama alivyozoea. Mteja wa juzi alikuwa amepewa mengine.

Mama alipangusa jicho kwa ncha ya futi yake. Kisha akaomba kitu kimoja. Alikuwa na watoto wakubwa, wakali, na asingependa waje wamwambie kauza kitu kizima kwa bei ya chuma. Je, Daktari angeweza kuyaandika yote manne, kwa mkono wake, atie sahihi na muhuri? Daktari angeweza. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa kulala, akaongeza na maneno "haifai kufungwa kwenye gari lolote," akagonga muhuri mara mbili ili wino ukolee.

Nyumbani alimwambia shemeji kwamba hii haiendi sokoni. Hii ni yake. Shemeji alikuwa mtu mnene mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao, na swali lake la kwanza lilikuwa fedha zitatoka wapi. Daktari akatazama jikoni. Siku ile ile friji ilitoka ndani ya nyumba kwa mkokoteni, na mke wa Daktari akaambiwa kuwa imelazwa kwa fundi.

Siku ya pili shemeji akaenda na mzani wake wa vyuma chakavu, akiwa na uhakika wa kurudi na chenji. Alimkuta mtu uani. Ni fundi wa kuchomelea mageti, amevaa miwani myeusi kwenye paji la uso, anaizunguka injini na kuigonga kwa kidole. Alisema anaitaka iwe kitako cha fuawe yake, lile pande la kupondea chuma. Imekufa, ndiyo, cheti amekiona, lakini uzito wake ni mzuri. Akataja bei. Shemeji akapandisha kidogo. Fundi naye akapandisha kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, anakanyaga, hageuki.

Shemeji akatoka nje mara tatu kumpigia Daktari simu. Mara ya kwanza aliambiwa apandishe. Mara ya pili akaambiwa apandishe. Mara ya tatu alinong'ona kwamba sasa wamefika bei ya injini nzima, tena ya dukani, na kwamba hajui amweleze vipi mtu yeyote sababu ya kununua maiti kwa bei hiyo. Daktari akamwambia ukiona fundi anang'ang'ania namna hiyo ujue naye ameuona uzima wake. Fuawe gani inayotaka kitako cha bei ile? Apandishe, amalize.

Akamaliza, na fedha za friji nazo zikaisha. Fundi wa mageti alinyanyua mikono, akasema basi, mwenye nguvu apishwe. Mama akazihesabu noti, akaziweka chini ya kitambaa cha cherehani, akaendelea kukanyaga.

Jumamosi wakaifunga. Walikuwa wamekodi winchi ya mkono, wameitundika kwenye boriti, injini inaning'inia kati ya mbingu na gari, ndipo shemeji alipoupata ujasiri wa maisha yake.

"Shemeji, mbona puli inazunguka nyepesi hivi? Kabla hatujaifunga, tufungue hedi tuchungulie. Ni boliti chache tu."

"Tuchungulie nini?"

"Tuikague."

Daktari alimtazama kwa huruma. Akamkumbusha kwamba injini hiyo imeshakaguliwa, na nani.

Ikashushwa. Kufikia saa nane mchana majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Mke wa Daktari alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Daktari akaketi nyuma ya usukani, akapanga koti lake jeupe, akawasha.

Iliwaka, hilo tusiinyime. Iliwaka na kutoa moshi mweupe uliowafunika majirani wa upande wa kushoto, kisha moshi wa bluu kwa ajili ya wa upande wa kulia. Gari likasogea hatua kama ishirini, lilipofika usawa wa duka la kona ndani yake kukaanza kubisha hodi, polepole mwanzoni, halafu kwa hasira. Kisha likanyamaza. Shemeji alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili. Ile asali ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akafungua mfuniko wa rejeta ya maji, akaona mapovu. Alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, midomo inacheza, na alipofika kidole cha nne akamtazama Daktari kwa macho ya mtu aliyemwona nabii.

"Yote," alisema. "Uliyaandika yote."

Mke wa Daktari hakuuliza kuhusu injini. Aliuliza friji imelazwa hospitali gani.

Daktari alikwenda kwa mama mshonaji kwa miguu, akipanga hotuba njiani. Alimkuta barazani anakunywa chai. Pembeni yake, kwenye kigoda kile kile cha mkaguzi, alikuwa amekaa fundi wa mageti, anachovya mkate, naye alipomwona mgeni alisema, "Dada, mletee mtu kikombe."

Dada. Daktari alilisikia neno hilo, likamshuka polepole kama dawa chungu. Hata hivyo akajikaza, akaanza hotuba yake: kwamba ameuziwa kitu kibovu, kwamba anataka fedha zake.

Mama aliweka kikombe chini. Alionekana kweli ameshangaa.

"Fedha zako? Mimi nilimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, baba. Wewe ulikuja kupima. Au mnajuana?"

 Mama akasema kama kuna tatizo, ofisi ya mwenyekiti wa mtaa iko wazi mpaka jioni. Waende wote, yeye atabeba cheti, na Daktari atamweleza mwenyekiti ni neno lipi kati ya aliyoyaandika ambalo si kweli. Fundi wa mageti akaanza kutafuta viatu vyake. Daktari akasema hakuna haraka.

Akakaa. Akapewa chai. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu oili.

"Niliiweka mimi," mama alisema. "Chombo cha marehemu, sikupenda kikae na kiu."

Akamweleza na mengine, maana sasa hapakuwa na sababu ya kuficha. Miaka ishirini anashonea watu wa gereji makava, ameyasikia mambo ya injini kuliko redio. Hii ilimfia mumewe barabarani. Fundi mkuu wa gereji aliifungua, akasema haina maisha: hedi, bloku, ringi. Watu watatu waaminifu waliogopa kuinunua hata kwa uzito wake. Ndipo akaiona ile karatasi kwenye nguzo.

"Ila mimi nakuheshimu," aliongeza, naye hakuwa anatania. "Fundi mkuu mwenye miaka yake yote aliona magonjwa matatu. La krenki hakuliona. Jana tu nilikuwa namwambia kaka hapa, yule kijana ana sikio. Nayo iligonga kweli?"

"Iligonga," Daktari alisema.

"Unaona."

Shemeji alikuwa anamngoja kwenye kona ya nyumba ya mama, mikono imejaa oili. Walitembea mpaka pale gari lilipolalia, wakaegemea boneti kila mmoja upande wake kuanza kulisukuma kurudi nyumbani, na majirani hawakuondoka ukutani. Ndipo shemeji akauliza mama amesemaje.

Daktari alisukuma kwanza hatua mbili tatu. Koti lilikuwa limeingia doa jeusi kifuani, hakulitazama.

"Amesema," alijibu, na haya yalimtoka na fahari ambayo hakuweza kuizuia, "kwa kupima injini, mtaa huu hauna mtu ananifikia."