Mhojiwa Namba Moja Anadai Shahada Yake

Masama, Moshi
Ijumaa, 18 Oktoba 2002

Mkuu wa Idara ya Masoko,
Chuo Kikuu anachosoma mpwa wangu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUIZUIA SHAHADA YA UZAMILI YA DAFROZA, AU KUNIPA MIMI

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, nasubiri yako kwa barua.

Mimi ni mnadishaji wa sadaka za mazao katika kigango chetu kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Waumini wasio na fedha huleta walichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai. Ibada ikiisha nasimama mbele ya waumini, navinadi, na kinachopatikana kinakwenda kwenye ujenzi. Kwa mdomo wangu huu kanisa limeezekwa upande wa mashariki. Upande wa magharibi bado tunanyeshewa.

Mwaka jana Dafroza, mtoto wa dada yangu Scola, alikuja na kinasa sauti akaniambia anasomea shahada ya pili, ya mawasiliano ya masoko. Nilichinja kuku. Jumapili tisa alikaa benchi la mbele akininasa, nami sikumnyima kitu. Mwezi uliopita amerudi na tasnifu ya kurasa mia moja na arobaini, atakayoitetea mbele yenu mwezi ujao. Mwalimu Theodory, anayekijua Kiingereza, amenisomea yote kwa siku mbili. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina langu halimo. Humo naitwa Mhojiwa Namba Moja. Ndugu Mkuu, kutoka hapa hadi Njoro ukiuliza habari za mnada utaelekezwa kwa Wenseslaus, hata na watoto. Katekista, aliyehojiwa dakika tano akazungumzia mvua, naye ni Mhojiwa Namba Mbili. Hili limeniuma, sikufichi. Nilitoka nje nikajifanya natazama ng'ombe.

2. Maneno ni yangu. Sura ya nne inasema mnadishaji huligawa soko katika makundi. Ndiyo, naligawa. Kuna waliokuja na wakwe zao, kuna waliotoka Dar juzi na gari la kuazima, na kuna wenye ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mzee Rogath na Mzee Yoramu hawajasalimiana tangu mgomba wa mmoja uangukie kwa mwenzake, na nusu ya mabati yetu yametokana na wao kugombea mikungu. Hayo sikufundishwa na mtu. Sasa yamepewa majina ya Kiingereza, na wazungu sita wametajwa kwenye mabano kwamba ndio waliosema. Nimeulizia kigango kizima. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao.

3. Siri imetoka. Dafroza, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe, aliomba dakika kumi baada ya matangazo ili arudishe matokeo kwa wananchi. Akachukua hamsini. Alibandika karatasi ya manila ukutani, akaeleza kwa Kiswahili chepesi jinsi mnadishaji anavyomtazama mke ili mume ainue mkono, na anavyonyamaza kabla ya kusema "mara ya tatu". Watu walimsikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri, na Paroko aliliona hilo, hajafurahi. Jumapili iliyofuata nilimwinua jogoo, nikanyamaza kidogo, kanisa zima likacheka. Mzee Rogath akasema hapo nimefika ukurasa wa themanini. Jogoo akarudi nyumbani na aliyemleta. Kwa miaka yote hiyo hakuna jogoo aliyewahi kurudi.

4. Naondolewa. Halmashauri ya kigango inasema sasa inatafuta mnadishaji mwenye mbinu za kisasa. Tangu soko huria lituingilie tumeletewa bia za kila rangi na wasichana wa kugawa kalenda, na simu za mkononi ambazo ili zishike mtandao lazima usimame juu ya kaburi la babu yako. Tulivumilia. Kahawa yetu inanunuliwa na yeyote mwenye pikapu na miwani ya jua, tumevumilia pia. Lakini kazi hii ndiyo pekee inayofanya watu wangoje nifungue mdomo. Nikiinyang'anywa, nitabaki mzee wa kawaida mwenye sauti kubwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Shahada izuiwe. Mtoto ana maneno lakini hana uso wa kunadi. Aliyejifunza kuuza kwa kusoma hawezi kumuuzia mtu mzima hata kiazi.

(b) Ikiwa imeshachapwa, nipewe mimi. Joho liwe pana mabegani.

(c) Nikishaipata niko tayari kufundisha hapo kwenu Jumanne na Alhamisi. Jumatano ni siku ya gulio.

(d) Ikishindikana, wale wazungu sita waje wanadi Jumapili moja tu. Nauli wajitegemee, mtori wa ndizi na pombe yetu ya mbege tutawapa.

Wasalimie walimu wote, mama anayepiga chapa, na mlinzi wa getini aliyemkatalia Dafroza kuingia na ndizi nilizompa awaletee. Mke wangu Hilaria anakusalimu pia, ingawa hajui nimekuandikia.

Ni mimi, nikiwa bado na sauti yangu,
Wenseslaus Kastori
Mnadishaji (hadi watakaponiambia)

N.B. Aliyekuwa ashuke mjini na barua hii aliahirisha safari, kwa hiyo naongeza leo Jumapili. Sikunadi. Nilikaa benchi la nyuma kwa hasira, na Halmashauri ikamwomba Dafroza ashike nafasi yangu. Nilitulia nisubiri aaibike. Aliinua boga, akasema, "Aliyenifundisha kazi hii anaitwa Wenseslaus Kastori. Chuo kilinikataza kumtaja mhojiwa kwa jina. Hapa hakuna wa kunikataza." Watu wote wakageuka. Akamtazama Hilaria. Ndugu Mkuu, nilijua kabisa anachofanya, hatua kwa hatua, na mkono wangu ukainuka. Akanyamaza kabla ya mara ya tatu, nami nikajipandishia bei mwenyewe, bila mshindani. Nimelipata kwa mbuzi mmoja. Nimelifikisha nyumbani ndipo Hilaria ananiambia boga ni la shambani kwetu, alilipeleka yeye asubuhi. Mpeni shahada yake, tena upesi, na mumtafutie kazi Dar es Salaam. Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno, na nimebakiwa na mbuzi mmoja tu.