Mifuko Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, mimi, mtunza stoo wa vifaa vya shule, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja, nimeazimia kwenda ng'ambo wiki sita nzima na begi moja dogo la mkononi. Hakuna mpiga picha aliyekuwepo.

Sababu ni mjukuu. Wa kwanza! Ana siku ishirini na mbili. Mke wangu alishatangulia kule kumwangalia mzazi. Mimi naondoka Ijumaa. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni kwamba mkwe mwenzangu, baba yake mume wa binti yangu, anapanda ndege hiyohiyo. Mpima ardhi mstaafu. Mrefu, mkavu, hatoki jasho. Kaja leo kunijulia hali, akaketi kwenye kiti changu, akasema kwa ile sauti yake ya kuamua mipaka kwamba yeye hakabidhi mzigo. Begi la mkononi tu. Wenzake wakisubiri masanduku, yeye keshatoka nje. Na watoto, akaongeza huku akipuliza chai, watakuja kutupokea na mjukuu.

Chai ikanipalia. Nikayaona yote: Mpima nje, mjukuu wangu kifuani mwake, mimi ndani, natazama masanduku ya watu yakizunguka. Kuna babu mmoja tu wa kumshika mtoto kwanza. Wa pili ni wa pili! Nikamwambia nami siku zote husafiri hivyohivyo. Akasema vizuri sana, babu mwenzangu.

Babu mwenzangu! Na mimi sijawahi hata kupanda ndege.

Jumanne, 4 Juni

Linaruhusiwa begi la kilo saba. Nimeazima mizani ya stoo. Begi tupu: kilo tatu na nusu. Ni la ngozi, la marehemu baba mkwe. Hatujaanza vizuri.

Stoo imenifundisha jambo moja: kila kitu kiwe na akiba yake. Basi, miwani na miwani ya akiba. Viatu, na vya akiba. Mashati manane. Kufuli, na kufuli la akiba. Redio ndogo. Pasi, kwa kuwa sizijui pasi za kule. Kilo kumi na tisa, na mswaki bado uko bafuni.

Dada yangu, anayekaa nyumba ya pili, kaja kutazama. Akauliza kama nahama. Akaitoa pasi. Nikairudisha. Akaitoa. Tumekwenda hivyo mpaka akachoka, akasema basi kaka, nenda kawapigie pasi watu wa huko.

Mchana nimekwenda kwa Mpima, nikijifanya nimepita tu. Begi lake lilikuwa mezani, wazi. Mashati matatu, yameviringishwa, kila moja jembamba kama tochi. Eti hulifua moja kila jioni akioga. Kilo tano na robo! Akalinyanyua kwa kidole. Kile kidogo cha mwisho! Akajitolea kuja kunisaidia kupanga. Nikamshukuru, nikamwambia langu nimeshalifunga.

Wakati wa kurudi nimeona gere mpaka nikaipita nyumba yangu bila kuiona.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata wazo! Wanapima begi. Mtu hawampimi!

Nimempelekea fundi cherehani koti langu la mvua, lile pana. Nikaagiza mifuko ya ndani kumi na saba. Fundi akalitazama koti, akanitazama mimi, akauliza kama mzee anataka koti au kabati. Wateja wawili wakacheka mpaka mmoja akaketi. Acha wacheke. Nikamnong'oneza kwamba ni siri ya kifamilia. Akasema keshashona magauni ya maharusi yenye siri kubwa kuliko hiyo. Kesho litakuwa tayari.

Jioni mke wangu kanipigia simu ya video, nimwone mjukuu. Kalala, mdomo wazi. Pua ni yangu. Mke wangu anasema ni ya Mpima. Halafu akanishauri nimwige mwenzangu, maana amesikia kafunga begi tangu jana. Miaka ishirini na minane ya ndoa, leo naambiwa nimwige mpima ardhi! Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Alhamisi, 6 Juni

Koti limefika. Kazi safi! Nikaiandika mifuko namba kwa chaki ya fundi, moja hadi kumi na saba, kama rafu za stoo. Kisha orodha: namba moja soksi, namba mbili chaja, namba tatu miwani ya akiba, hadi namba tisa, pasi. Mpima ana orodha? Hana.

Ila mgongo wa koti ulikuwa umekunjamana, na Mpima hakunjamani kamwe. Nikaligeuza, nikalinyoosha vizuri, ndani na nje. Chaki yote imefutika. Si neno. Nimevipanga vitu kwa kukumbuka, na orodha ninayo. Nimeitia mfukoni.

Nimelijaribu mbele ya dada. Kuketi haiwezekani. Kuegemea inawezekana. Dada kauliza nitaegemea saa ngapi angani. Kumi na moja, nikamjibu. Akaenda zake bila kuaga.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika haya nikisubiri kuitwa kwenye ndege.

Nimeondoka nyumbani na mashati manne mwilini, sweta, suruali mbili, na koti juu. Dada kaniingiza kwenye teksi kwa bega, kama mtu anayefunga mlango uliovimba. Kiwanjani Mpima alikuwa ameshafika. Shati jeupe, begi lile. Akaniuliza kwa wasiwasi kama nina homa.

Mizani! Kilo sita na gramu mia tisa! Nikamgeukia Mpima ashuhudie. Alikuwa anamsaidia bibi mmoja kufunga mkoba.

Kisha mashine ya ukaguzi. Nikavuliwa koti. Koti likaingia, mashine ikasimama. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akaniita baba, akauliza humo ndani mna nini. Nikamwambia nina orodha. Akaomba aione. Mfuko wa kwanza, soksi. Wa pili, kufuli. Wa tatu, kufuli la akiba. Foleni ikaanza kunung'unika. Mtu mmoja nyuma akataka kujua duka linafungwa saa ngapi. Ilipotoka pasi, wakaitana wakaguzi watatu kuja kuitazama. Orodha ilikuwa mfuko wa kumi na saba. Haikuhitajika tena.

Mpima alisimama pembeni muda wote, kashika trei la viatu vyangu. Angeweza kutangulia. Hakutangulia. Nimelifikiria sana jambo hili. Ni mbinu.

Jumapili, 9 Juni

Kwenye kundi la simu la kazini nimeandika kwamba nimefika salama, nimetoka wa kwanza, na mjukuu kanipokea kwa furaha. Pongezi zimemiminika. Lakini nikikudanganya na wewe, daftari, ukweli nitamwambia nani? Mambo yalikuwa hivi.

Ni kweli nilitoka wa kwanza. Wakati Mpima kasimama kumwelekeza yule bibi mlango, mimi nikachomoka. Nilikimbia, kadiri mtu mwenye pasi ubavuni anavyoweza kukimbia. Mlango ukafunguka. Hao pale! Mke wangu, mkwe wangu, na binti yangu kampakata mtoto. Mpima haonekani! Nikafika, jasho linachuruzika hadi masikioni, nikainyoosha mikono.

Mikono ikakataa. Mashati manne, sweta na koti, viwiko havikunjiki. Nilisimama mbele ya mjukuu wangu kama kitu cha kutundikia nguo. Binti yangu akarudi nyuma hatua moja, akauliza, baba unaumwa? Mke wangu akanigonga kifuani, akasikia chuma, akafumba macho. Nikaanza kuvua. Koti likatoka. Sweta likanasa kichwani. Nikiwa humo gizani nikasikia sauti ya Mpima, anawaamkia watu taratibu. Wakataka kumpa mtoto. Akakataa! Akasema mpeni kwanza babu yake, kakimbia sana, mimi nitasubiri.

Na alisubiri. Hilo ndilo linaloniuma. Alisubiri sweta, akasubiri shati la kwanza na la pili. Kifungo cha la tatu kikagoma. Mtoto akachoka kuliko yeye, akaanza kulia, na binti yangu, mikono imemfa ganzi, akamkabidhi aliyekuwa karibu. Akanyamaza papo hapo. Kifuani mwa Mpima. Kwenye shati lisilo na mkunjo hata mmoja.

Mpima akaniita nisogee, akanionyesha pa kushika, nikaushika mguu mmoja. Wote unaenea kwenye kidole changu. Una joto. Nilikaa hivyo kitambo, shati moja mkononi, na kwa muda wa kama dakika mbili sikumwonea mtu yeyote wivu. Baadaye nilipakatishwa kabisa, nikapakata barabara. Akalia.

Leo asubuhi Mpima kampakata tena, na mtoto kacheka. Mke wangu anasema hakucheka, wa umri huo hawajui kucheka, ni hewa tu tumboni. Mimi nina macho! Alikuwa anatazama masharubu. Mpima ana masharubu, mimi sina. Kuyafuga kutachukua wiki sita, na wiki sita ndizo nilizo nazo. Nimeshamvuta mkwe wangu pembeni, nikamuuliza taratibu, mji huu masharubu ya bandia wanauza wapi, na kama wanauza na ya akiba.