Chipukizi wa Miaka Hamsini na Tisa

Phanice alifika kijiweni Jumatatu asubuhi bila hata salamu. Alisukuma vikombe vya Suleman kando, akaweka simu yake katikati ya benchi, akaifungulia sauti yote.

"Angalieni Willis anavyolia!"

Tukainamisha vichwa. Kweli alikuwa Willis wetu, mshereheshaji, Emsii Moto mwenyewe, ndani ya suti ya rangi ya maziwa mala, amesimama jukwaani kule Homa Bay, anajifuta makamasi kwa kadi ya jina la mshindi. Kando yake mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa anaimba. Chini ya video mtu ameandika: "Emsii wa Tuzo za Sauti ya Ziwa alia kama amenyang'anywa shamba."

Benchi letu liko nyuma ya soko la Migori, kando ya mashine ya kusaga mahindi. Phanice anauza mitumba, lakini sisi tunamwita Redio, kwa sababu habari ikianguka Isebania yeye huisikia kabla haijagusa chini. Bogonko anauza kufuli. Huyo ni Hakimu. Aliwahi kushtakiwa mara moja akajitetea mwenyewe, akashindwa, na mpaka leo anasema alishindwa kisheria. Mimi natengeneza simu, naitwa Chaji. Suleman aliletwa na biashara kutoka Isiolo na ni Suleman tu. Mwenye kahawa hapewi jina la utani, asije akaongeza maji.

"Anaigiza," Hakimu akatoa hukumu. "Hayo machozi ni ya kutafutia kazi Nairobi."

"Ulikuwa huko?" Phanice akamuuliza.

"Kwani lazima niwe huko?"

"Basi nyamaza. Mimi nilikuwa huko, nimekaa nyuma ya spika, sikio hili bado linavuma. Kadi ya mwaliko ilisema tunaanza saa nane. Na kweli, saa nane kamili wakaanza. Wakaanza kupanga viti."

Suleman alicheka taratibu, akammiminia kahawa. "Endelea, dada."

"Kwanza mfadhili mkuu akaongea. Anauza magodoro. Alituambia muziki na godoro ni ndugu, vyote vinahitaji msingi. Halafu yeye ndiye akapewa kutoa tuzo ya mtunzi bora."

"Anajua utunzi?"

"Anatunza magodoro."

"Na Msanii Bora wa Mwaka?" nikauliza.

"Huyo alikuwa Nairobi. Ameshinda tuzo tatu bila kuvuka hata mto. Ya kwanza ikachukuliwa na binamu yake. Ya pili, dereva wa binamu. Ya tatu, kuna jamaa alikuwa anaenda msalani, akashikwa mkono akaambiwa, 'Wewe na yeye mnafanana kidogo, panda.' Na akatoa hotuba! Akashukuru mashabiki wake!"

Hakimu alipiga paja. "Hiyo ni uwakilishi halali. Inakubalika."

"Subiri basi. Ikafika Msanii Chipukizi wa Mwaka. Willis akafungua kadi. Akasoma, akaigeuza nyuma, akasoma tena. 'Helen wa Karungu!'"

Suleman aliacha birika hewani. "Helen yupi? Yule wa kuimba matangani?"

"Huyo huyo. Miaka hamsini na tisa. Thelathini na moja ameimba kwenye mazishi."

"Chipukizi!" nikasema.

"Mjukuu wake aliweka wimbo wake mtandaoni mwaka jana. Fomu ya tuzo ikauliza wimbo wa kwanza ulitoka lini. Mtoto akajibu ukweli."

"Basi kisheria ni chipukizi," Hakimu akasema. "Sheria haina macho ya kuona mvi."

"Kwa hiyo sheria yako, nyanya yangu akifungua akaunti leo, amezaliwa leo?"

"Inategemea ameweka tarehe gani."

Phanice alimwangalia mpaka akarudi kwa kikombe chake. Halafu akaendelea, sauti imeshuka. "Mama wa watu akaanza kupanda ngazi polepole, maana haikuwa na pa kushikilia. Willis si anajua kutafuta kicheko? Akasema, 'Mabibi na mabwana, chipukizi wetu alichipuka kabla lami haijafika Migori! Leteni kiti na dawa ya magoti!' Ukumbi ukavunjika mbavu. Yule wa magodoro alicheka mpaka akakohoa. Hata mimi nilicheka, sidanganyi."

"Na yeye?"

"Alisimama tu hapo. Mtu wa kushika saa akamwambia, 'Mathe, una sekunde thelathini, shukuru Mungu na mfadhili.' Akashika maiki. Akatoa ule mlio, mnaujua? Ule wa kuingia boma lenye msiba. Wueh! Wahudumu wakasimama na sinia za soda mkononi. Hapo ndipo akaanza kuimba kilio. Kijaluo changu ni cha soko lakini nilishika. Marehemu alikuwa Muziki. Anamlilia Muziki! Ati Muziki alikufa akiwa na wafadhili wengi na hakuna hata mmoja aliyemjua kwa sura. Ati waliokuja kumzika wamekalia viti vya mbele, na waliomuuguza wamefungiwa geti. Ati tumepiga makofi kwa picha, mwenyewe hajafika. Halafu akageuka kwa Willis..."

Alikatiza hapo, maana Willis mwenyewe alikuwa ametokea kwenye kona ya mashine ya mahindi. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anatembea kama mtu anayetoka kung'oa jino.

"Karibu, mfiwa," Hakimu akasema. "Sogeeni, jamaa wa marehemu wapate pa kukaa."

"Wachaneni na mimi."

"Tumechanga pesa kidogo ya sanda. Utapokea kwa simu?"

"Omera, ndugu, nimesema wachana na mimi!"

Si kawaida Willis kupandisha sauti bila maiki. Suleman alimpa kahawa. Willis alikaa mwisho wa benchi, akaizungusha ile kahawa bila kuinywa.

"Mnajua nani alimwimbia mama yangu?" akauliza.

Akajijibu mwenyewe.

"Ni yeye. Miaka tisa iliyopita. Mvua ilikuja tukiwa bado tunateremsha jeneza. Hema likaanguka, watu wote wakakimbilia nyumbani, hata pasta. Nikabaki mimi na wachimba kaburi wawili. Na Helen. Alisimama kwa hilo tope akaimba mpaka udongo ukajaa. Nilimshika mikono nikamwambia, 'Mama, wewe sitakusahau maishani.' Hayo ni maneno yangu." Alivuta kofia chini zaidi. "Jana nimesoma jina lake kwa kadi, nikamwangalia usoni, na sikumkumbuka. Nikatafuta utani."

"Na alipokugeukia, alisema nini?" nikauliza.

"Hakunitukana. Angenitukana ningemjibu, hiyo ndiyo kazi yangu. Aliimba jina la mama. Si lile la kanisa. Lile ambalo mama alikuwa anaitwa kwao Rusinga akiwa msichana mdogo. Hilo jina nimelisikia mara moja tu maishani, kwenye ile mvua. Yeye bado analo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipoteza."

Hakimu alikohoa. "Basi mshtakiwa amekiri," akasema. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaona ajishughulishe na kifungo cha shati.

Hapo mwanamke akasimama mbele yetu, sketi ndefu ya kijani, kitambaa kile kile cheupe. Mkononi alikuwa na simu ndogo ya vibonye.

"Fundi wa simu ni nani hapa? Hii imelia tangu jana mpaka ikakata roho."

Willis aliinuka haraka kiasi kwamba kahawa yote iliishia kwenye suruali ya Hakimu. Akavua kofia. Macho yalikuwa yamevimba kweli kweli.

"Mama," akasema. "Mama, nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu. Na nilikuwa nimekusahau."

Helen alimwangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nafikiri alikuwa anafurahia.

"Kusahau si neno," akasema. "Mtu aliyefiwa haoni nani amesimama. Nimezoea. Lakini ule utani wa magoti nimeusikia tangu nikiwa na magoti mazuri. Tafuta mwingine, mwanangu. Huo ndio umezeeka."

Phanice alipiga kelele ya furaha. Willis alicheka na kulia pamoja, uso haujui ufuate upi. Helen akamshika bega, akamkalisha, naye akakaa kando yake. Suleman alichagua kikombe kisicho na ufa na kumimina kahawa ya tangawizi.

Nilipoifungua ile simu, Hakimu, akiwa bado anajifuta, alishindwa kuvumilia.

"Mama, heshima yako. Kombe liko wapi tulione?"

"Wamebaki nalo."

"Wamebaki nalo vipi?"

"Lilikuwa moja. Kila mshindi alipigwa picha nalo, kisha likarudishwa mezani kwa anayefuata."

"Aaa!" Phanice akashika kichwa. "Kumbe ndiyo maana yule dereva wa binamu alikuwa anavutwa shati pale mlangoni!"

"Sasa samahani, mama," Hakimu akasema, kidole juu. "Kombe huna, na uchipukizi wenyewe ni wa fomu. Kisheria, umeshinda nini?"

Helen alipuliza kahawa yake, akanywa kidogo, akatikisa kichwa kwa kuikubali.

"Miaka thelathini na moja naimba," akasema. "Watu wanasalimiana. Wanauliza chakula kiko wapi. Wanagombania viti. Anayenisikiliza mpaka mwisho ni yule aliyelala kwa sanduku, na huyo hajawahi kunipigia makofi. Jana ukumbi mzima ulinyamaza." Akatuangalia mmoja mmoja. "Na wote walikuwa hai."

Hakimu alishusha kidole, akamnyooshea Suleman kikombe kitupu.