Vyeti vya Saa katika Shamba la Mama

Jumatatu, 9 Aprili 1956

Leo nimeanza uchumi mpya. Kitabu nilikinunua Tarime mjini, kwa karani mmoja aliyekuwa anahama. Kinaeleza mikondo ya fikra za wataalamu wa uchumi, na wote wanagombana. Kurasa za mwisho zimeliwa na panya. Haidhuru. Mkondo wangu nimeupata ukurasa wa kumi na tisa: thamani ya kitu ni saa za kazi zilizomo ndani yake. Na mtaji ni kazi ya jana iliyowekwa akiba. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mbuzi wakamaliza mboga za Wegesa, mke wangu.

Papo hapo nikauona ubaya wa risaga. Kijiji kizima kinalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na jioni watu wanazunguka chungu cha pombe na mirija yao mirefu. Nani amelima saa ngapi? Hakuna ajuaye! Mzee Nyangwine hupalilia kipande kimoja, hunywa kama amepalilia vitano. Unyonyaji mtupu.

Zamu yetu ni Alhamisi. Ulezi ule ndio chakula chetu cha mwaka, hakuna kingine. Mama alikuwa amekwisha kuandaa kimea cha pombe. Nikamkataza kukitwanga. Akauliza watu watakunywa nini. Nikamwambia watapewa vyeti.

Jumanne, 10 Aprili

Nimeandika vyeti sitini. "Cheti cha Saa Moja ya Kazi." Muhuri ni kifungo cha koti langu la mgodini, nilichokichovya kwenye wino. Mgodini walinifukuza kwa sababu ya fikra. Na kwa kuchelewa.

Mchana akaja Simioni Kisyeri, karani wa ushirika wa kahawa. Yeye ni wa mkondo wa soko. Eti kitu kina thamani ya kile ambacho mtu atakubali kukitoa ili akipate. Akaniuliza nani atatoa hata yai moja apate cheti changu. Nikamwita kibaraka wa mabepari. Akacheka, akanywa uji wa Mama vibuyu viwili, akaniambia tuonane kesho kwa Nyangwine. Simioni ni Msabato, pombe hanywi, huwekewa togwa yake pembeni. Lakini risaga hakosi hata moja. Mtu asiye na msimamo!

Jumatano, 11 Aprili

Zamu ya Nyangwine. Sikwenda. Huwezi kuutumikia mfumo unaoupinga. Nilituma vyeti sita, yaani saa sita kamili. Mama alivipeleka akiwa na jembe begani, akabaki huko kupalilia mpaka jioni. Na ana miaka sabini!

Aliporudi nikamwuliza mzee amesemaje. Ameshukuru, karatasi ni laini. Amesokotea tumbaku. Saa sita za kazi zimegeuka moshi!

Alhamisi, 12 Aprili

Siku yetu. Tangu alfajiri nilikaa mwanzo wa shamba na meza, vyeti na wino. Walipita watu wanane. Wakamwamkia Mama shikamoo, wakatazama huku na huku, wakauliza chungu kiko wapi. Nikawaeleza ukurasa wa kumi na tisa. Walisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao.

Alibaki Simioni peke yake. Akapalilia kipande kizima na akakataa vyeti vyake. Kunidhalilisha tu! Nimemtilia mfukoni kwa nguvu.

Nami nilijaribu kidogo. Mama akanishika mkono, akasema nimeng'oa ulezi na kuacha magugu. Yanafanana mno! Kazi hii inahitaji jicho la Mama. Wegesa angeliweza, lakini amejifungua Robi juzi juzi tu. Vimebaki vipande kumi na saba, na magugu hayangoji.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Mama anapalilia ndani ya mvua hiyo. Nilimwambia asubiri, ninaandika barua kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kuhusu sarafu ya saa kwa wilaya nzima. Akasema barua ni nzuri, akachukua jembe. Jioni alikuwa anakohoa. Vipande sita amevimaliza peke yake.

Wegesa haongei nami.

Jumatatu, 16 Aprili

Mama hoi. Kichomi. Simioni alileta baiskeli ampeleke zahanati, Mama akashindwa kukaa hata kwa kushikwa. Simioni akaipanda mwenyewe kwenda kumtafuta mganga wa zahanati. Mimi nilikaa kando ya ngozi anayolalia. Nilitaka kumsomea kitabu, nikakifunga.

Akafumbua macho. "Vimebaki vipande vingapi, mwanangu?"

Nikamwambia viwili. Vilikuwa kumi na moja.

Jumanne, 17 Aprili

Mama amefariki asubuhi, kabla mganga hajafika. Nimeumia.

Jumatano, 18 Aprili

Tumemzika. Sikumwita mtu, sikujua hata nianzie wapi. Kulipokucha wanaume kumi na wawili walikuwa uani na majembe na sururu. Wanawake wakaleta kuni, maji, unga. Nyangwine ndiye aliyeanza kuchimba, mzee yule, kwenye mawe yale, na alikuwa analia. Saa nne za kazi. Hakuna aliyeuliza chungu.

Walipomaliza kufukia nilitoa vyeti mfukoni. Nilitaka kutenda haki. Simioni akanishika kifundo cha mkono.

"Rudisha mfukoni, ndugu yangu."

Nikarudisha. Lakini hesabu ile ilinisumbua siku nzima. Watu kumi na wawili, bila pombe, bila vyeti! Hakuna mkondo unaoeleza jambo hilo. Labda lilikuwa kwenye kurasa walizokula panya.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimemwuliza Wegesa kwa nini walikuja. Ndiyo mara ya kwanza ananijibu tangu Jumapili.

"Hawakuja kwako, baba Robi. Mama alipalilia mashamba yao miaka arobaini."

Miaka arobaini! Nikakimbilia kitabu. Ukurasa wa kumi na tisa: mtaji ni kazi ya jana iliyowekwa akiba. Ilikuwa mbele ya macho yangu! Mama alikuwa bepari mkubwa kuliko wote Tarime, naye akilala juu ya ngozi ya ng'ombe. Kaburi limekula saa arobaini na nane tu. Akiba iliyobaki ni kubwa mno, na mtoto wake ni mimi peke yangu.

Nimeandika tangazo, nimepiga muhuri, nimebandika mlango wa duka la kijijini: wote waliowahi kupaliliwa na marehemu mama yangu Nyangi wafike kesho shambani kwa mrithi wake.

Ijumaa, 20 Aprili

Wegesa ametoka mapema, Robi mgongoni, jembe la Mama begani. Leo ni zamu ya Simioni. Kimea kile kimekwisha, amekitwanga jana bila kuniuliza. Nikamwambia anatupa nguvu zake kwenye shamba la mtu, na bado hajapona vizuri, wakati sisi tuna urithi wa miaka arobaini. Hakugeuka. Elimu hana, nitamfundisha taratibu.

Nimeweka meza mwanzo wa shamba. Magugu yamefika magotini, ulezi hauonekani tena vizuri. Jua limepanda. Nawasikia wakiimba kule kwa Simioni, ni wengi sana, zaidi ya thelathini.

Nimechonga penseli mbili. Nadhani wakimaliza kule watakuja.