Meza ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi. Manyunyu, mawingu mazito. Kona yangu ya karakana ni giza tupu. Rezista, vile vipuri vidogo vya kuzuia umeme, husomwa kwa mistari yake ya rangi, na leo kahawia na nyekundu zimenishinda kabisa. Sitamwambia mtu. Fundi mzee ametangaza kwamba Ijumaa atachagua wa kukaa meza ya dirishani: ama mimi, ama Cherehani (tunamwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haupumziki). Lazima iwe mimi. Bila mwanga ule, kazi hii nitaiacha kabla ya mwaka kwisha.

Jumanne, 4 Machi. Jua kidogo. Mpango! Vipuri vyote hununuliwa na Cherehani. Nikithibitisha kwamba analeta vibovu, amekwisha. Wenzangu walipokwenda kula, nilichukua boksi lake la rezista za mega moja, yaani ohm milioni, nikazipima. Kila moja niliibana barabara kwenye ncha za mita ya kupimia umeme kwa vidole, isichomoke. Ya kwanza: pungufu. Ya pili: pungufu. Zote sitini mbovu! Nimechora jedwali kwa rula.

Jumatano, 5 Machi. Joto kali. Nimepima tena, kwa uhakika. Mikono ilikuwa ikitoka jasho kwa furaha. Leo zimeshuka zaidi! Zinaoza kwa kasi. Nimeongeza safu ya pili. Cherehani akapita, akauliza ni mchumba gani huyo anayeandikiwa barua kwa rula. Cheka tu, mama.

Ijumaa, 7 Machi. Upepo. Nimeliwasilisha jedwali mbele ya wote. Fundi mzee akasoma safu zote mbili, akaniomba nimwonyeshe ninavyopima. Nikabana. Akaniambia taratibu, mwanangu, hebu achia vidole. Nikailaza rezista mezani, nikaigusa kwa ncha tu. Mega moja. Kamili! Umeme wa mita ulikuwa ukipita pia mwilini mwangu, ndiyo maana kipimo kilishuka. Siku mbili nimekuwa nikijipima mwenyewe. Cherehani akasema afadhali, sasa imejulikana kwamba dada ni mzima, ila pungufu kidogo. Watu wakashika mbavu. Meza kapewa yeye.

Jumamosi, 8 Machi. Anga safi. Cherehani amekuja kwenye kona yangu peke yake, bila mzaha. Kasema ameona ninavyoinua rezista hadi puani. Kama macho yananisumbua, tubadilishane meza, na Fundi hana haja ya kujua sababu. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mdogo wangu wa kuzaliwa. Nusura niseme ndiyo.

Kisha nikashtuka. Mtego! Nikamjibu kwamba macho yangu yanaona hadi unyoya wa nzi. Akasimama kidogo, akaondoka polepole.

Lakini hakuna mtu anayeachia mwanga bure. Jumatatu nitaichunguza meza hiyo. Huenda ina mguu mbovu. Huenda dirisha linavuja. Nalala sasa, saa tatu kasoro robo.