Ombi la Kurudishiwa Barabara ya Hatari

Kwa Ndugu Mhandisi wa Barabara za Jiji,

Yah: Kivuko, matuta na taa mlizotuwekea bila kutuuliza sisi vinyozi

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na vijana wako waliokuja na rangi nyeupe. Mimi mwenyewe sijambo, ila kazi yangu iko mahututi, na aliyeigonga ni ofisi yako. Ni mimi kinyozi wa kile chumba chenye mlango wa bluu, kando ya duka la dawa. Mwenye duka la dawa ni jirani mwema sana. Wateja wangu wakitoka kwangu huingia kwake kununua plasta.

Zamani barabara hii ilikuwa haivukiki. Mtu mwenye nywele ndefu alisimama ukingoni, akamtazama kinyozi wa ng'ambo, akatazama lori linavyokuja, kisha akaingia kwangu. Wengi waliingia wamenuna, nami nikadhani wana matatizo ya nyumbani. Kumbe walikuwa wamechagua kati ya roho na nywele. Ndugu Mhandisi, miaka yote hiyo niliamini kwa moyo mweupe kwamba mimi ni fundi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeipunguza barabara, mkapanua njia ya miguu, mkachora pundamilia mbele ya mlango wangu kabisa. Mteja anayekuja kwangu akizidisha hatua moja tu, yuko kivukoni. Magari yanasimama kumpisha kwa heshima, naye anaona aibu kurudi nyuma. Basi anavuka.

2. Matuta. Dereva alipopiga honi zamani, mkono wangu uliruka, na mteja akilalamika mstari umepinda nilimwambia tuwalaumu madereva. Sasa pametulia. Mkono bado unaruka, na sina wa kumsingizia.

3. Kile kisiwa cha katikati. Watu wanasimama pale kungoja taa, hawana la kufanya ila kulinganisha vichwa, cha aliyetoka ng'ambo na cha aliyetoka kwangu. Nimemwona kwa macho yangu mtu akimpa mwenzake kofia. Kizuri chajiuza, sikatai, lakini kwa nini kijiuze mlangoni kwangu?

4. Hili nalisema kwa uchungu. Baba mkwe wangu ana goti bovu, na alikuwa ameapa kwamba barabara ile hataivuka mpaka anaingia kaburini. Juzi ameivuka. Alirudi kichwa kinang'aa na ndevu zimechongwa, akapita kwangu na kunisalimia kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuja kutoa pole. Mke wangu alimsifia baba yake mpaka nikaona haya. Watoto walipolala akaniuliza taratibu, mume wangu, sasa tutakula nini? Swali hilo linaniuma kuliko kicheko cha mtaa mzima.

Kwa hiyo naomba matuta yang'olewe, taa zizimwe na rangi ifutwe. Kama fungu ni dogo, turudishieni angalau lori moja. Sitaki mtu agongwe, Mungu apishe mbali. Nataka tu waogope kidogo, kama zamani. Hilo likishindikana, basi jengeni tuta ndani ya duka la yule jamaa wa ng'ambo, karibu na kiti chake, ili mkono wake nao uruke. Haki ni kugawana.

Nakutakia kazi njema, ila uifanyie barabara nyingine. Wasalimie wahandisi wenzako, mafundi rangi, mama watoto, na dereva yeyote asiyepunguza mwendo.

Wako anayeumizwa na usalama wa wengine,
Kinyozi wa Upande Huu

Tanbihi: Ofisi yenu iko ng'ambo, hivyo ilinibidi nivuke kuileta barua hii. Nilipoweka mguu kwenye pundamilia magari yote yakasimama, hata basi lililojaa watu. Sijawahi kupewa heshima kama ile, nikajikuta natembea kifua mbele. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, ingawa mimi nimejinyoa miaka yote hiyo, nikaingia kwa yule jamaa. Alinifunga kitambaa, akakizungusha kichwa changu kwenye mwanga, akauliza kwa upole nani alininyoa mara ya mwisho. Nikamwambia ni kaka mmoja wa upande wa pili, maskini, anatafuta kazi. Akaninyoa mpaka mwisho, kisha akasema nimwambie huyo kaka aje Jumatatu, kuna kiti cha pili hakina mtu. Aanze kwa kufagia nywele, mashine atapewa mkono ukishatulia. Naandika haya nikiwa kwenye benchi lake. Kwa hiyo hayo ya juu usiyasome. Ila ile taa ya waenda kwa miguu, asubuhi inachelewa sana kuwaka. Naomba mwitazame kabla ya Jumatatu, maana sitaki kuchelewa siku ya kwanza.